Ngoma ivumayo haidumu: Nani anaubeba muziki wa jazi na klasiki jijini Nairobi?

WENGI wanaposikia jazi na muziki wa klasiki ukitajwa jijini Nairobi, fikira zao hukimbilia hoteli za kifahari, tai shingoni na tiketi zisizonunulika kwa ujira wa kibarua. Fikira hizo zina chembe ya ukweli, lakini hazitoshi kueleza yanayotendeka katika jiji hili.

Nairobi ina okestra iliyoundwa mwaka 1947, chuo cha muziki kilichoanzishwa miaka mitatu kabla yake, na watoto wa mtaa wa Korogocho wanaojifunza fidla karibu na jaa la Dandora. Ina pia wanamuziki wa jazi wanaochanganya saksafoni na mahadhi ya benga na chakacha.

Hata hivyo, ni matamasha makubwa yanayopata nafasi magazetini na kwenye runinga. Tamasha linapokuja, jiji huzizima; likiisha, wengi hudhani muziki huo nao umeondoka pamoja na jukwaa. Ukweli ni kwamba uhai wake hautegemei jukwaa. Unategemea mwalimu, ala na mahali pa kufanyia mazoezi, mambo matatu ambayo hayana mbwembwe na ambayo ni nadra kupata mfadhili.

Maana ya majina

Ni vyema kwanza maneno yenyewe yafafanuliwe, kwani yamezua mkanganyiko wa miaka mingi.

Muziki wa klasiki ni muziki ulioandikwa. Mtunzi huweka kila sauti kwenye karatasi kwa alama ziitwazo nota, naye mpiga ala hufuata maagizo hayo. Anafanana na msomaji wa utenzi ulioandikwa: beti hazibadilishi wala mizani haipunguzi, lakini sauti yake, pumzi yake na hisia zake ndizo zinazoufanya utenzi uishi masikioni mwa wasikilizaji.

Jazi ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, hasa katika jiji la New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanajazi anafanana zaidi na mtambaji wa ngano. Mtambaji hukijua kisa chake, lakini kila usiku hukisimulia upya, akikirefusha hapa na kukipamba pale kulingana na hadhira iliyo mbele yake.

Ndivyo kipande cha jazi kinavyokwenda. Bendi huanza kwa kupiga wimbo wenyewe ili msikilizaji aujue. Kisha mpigaji mmoja mmoja hujitokeza na kubuni papo hapo juu ya msingi wa wimbo huo, huku besi na ngoma zikimshikia mdundo. Mwishowe wote hurejea kwenye wimbo waliouanza.

Mkanganyiko unatokana na majina ya bendi. Kuanzia miaka ya 1950, neno Jazz lilienea katika Afrika ya Kati na Mashariki likimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezesha watu, yenye magitaa na mara nyingi tarumbeta. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953 katika jiji ambalo leo ni Kinshasa, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Tanzania ilikuwa na Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Hapa Kenya palikuwa na Victoria Jazz na Shirati Jazz ya marehemu Daniel Owino Misiani, aliyefariki mwaka 2006.

Bendi hizo zilipiga rumba, dansi na benga, wala si jazi ya Marekani. Kwa hivyo mzee anayesema kuwa alikua akisikiliza jazi, na kijana anayesema kuwa jazi ni muziki mgeni, huenda kila mmoja anazungumzia kitu tofauti kwa jina lile lile.

Ala zisizo ngeni

Dai jingine linalosikika mara kwa mara ni kuwa ala za muziki huu ni za Wazungu. Dai hilo linahitaji kuchujwa.

Ala zinazopigwa kwa uta zimo nchini tangu jadi. Waluo wana orutu na Wakikuyu wana wandindi, zote zikiwa na uzi mmoja. Fidla yenyewe imezoeleka katika taarab ya Pwani na Zanzibar kwa vizazi kadhaa, ambako ilifika kwa njia ya Misri, si kwa walowezi wa Nairobi.

Nzumari ya Pwani nayo hutoa sauti kwa vipande viwili vya tete vinavyotetemeka kinywani mwa mpulizaji. Oboi, ala inayoheshimika katika okestra za Ulaya, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu mtu aliyekulia Pwani akisikia oboi kwa mara ya kwanza anaweza kuhisi kuwa sauti hiyo si ngeni kwake.

Kilichokuwa kigeni, basi, si kupuliza wala kukwaruza nyuzi. Kilichokuwa kigeni ni mfumo wa nota, mkusanyiko wa wapigaji wengi chini ya kiongozi mmoja, na ukumbi ambao mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kuuona kuwa wake.

Kumbi na wenyewe

Historia ya muziki huu jijini ni historia ya milango, ni nani aliyefunguliwa na ni nani aliyeachwa nje.

Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo hadi leo hukusanya maelfu ya wanafunzi, lilianza mwaka 1927 wakati wa ukoloni. Chuo ambacho sasa kinajulikana kama Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa mwaka 1944, nayo Nairobi Orchestra ikafuata mwaka 1947. Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari.

Wakati Waafrika wa Nairobi walikuwa wakikamatwa na kupekuliwa, upande wa pili wa jiji ulikuwa ukijipatia ukumbi wa sanaa, mkabala na hoteli ya Norfolk iliyokuwa kitovu cha starehe za walowezi. Si ajabu kwamba muziki uliopigwa humo ulichukuliwa na wengi kuwa mali ya watawala.

Hata hivyo, elimu ya muziki ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka huo. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, jopo la watu watano lilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Walikuwa George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Mwingereza Graham Hyslop. Walichagua mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, yaliyotolewa na Mzee Meza Moroa Galana, wakayaandika kwa nota na kuyapangia sauti ili yaweze kuimbwa na kwaya na kupigwa na bendi za majeshi.

Kila Mkenya anayesimama wima wimbo wa taifa unapopigwa anasikiliza, pengine bila kujua, kazi ya watu waliojua kuunganisha urithi wa Mto Tana na ufundi wa nota.

Milango ya ukumbi ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1976, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, pamoja na ile ya Francis Imbuga, Betrayal in the City, zilipewa siku chache mno katika Ukumbi wa Kitaifa kwa sababu nafasi ilikuwa imetengewa maonyesho ya kigeni. Mzozo uliozuka ulihusu tamthilia, lakini swali lake liliwahusu wanamuziki pia: ukumbi wa taifa ni wa nani?

Leo swali hilo limepata jibu kwa kiasi. Ukumbi huo ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015, na waandalizi wa maonyesho ni Wakenya wa kila tabaka. Kizuizi cha rangi kimeondoka. Kilichobaki ni kizuizi cha fedha.

Wapigaji watoka wapi?

Okestra kamili huhitaji makundi manne ya ala: za nyuzi, za kupuliza za mbao, za shaba, na za kugonga. Kukusanya wapigaji wa makundi hayo yote katika jiji moja si kazi rahisi.

Nairobi Orchestra si okestra ya kuajiriwa. Wapigaji wake ni watu wenye kazi nyingine ambao hukutana kwa mazoezi baada ya saa za kazi. Wenyeji na wageni hukaa kiti kwa kiti, na mgeni anapomaliza mkataba wake na kurudi kwao, kiti chake hubaki wazi hadi apatikane mwingine.

Wapigaji wa ala za shaba wana chimbuko lao. Bendi za majeshi, polisi na magereza zimewafunza wengi kusoma nota. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, limewalea wapiga tarumbeta makanisani kwa vizazi. Kituo cha Wavulana cha Starehe, kilichoanzishwa mwaka 1959, nacho kinajulikana kwa bendi yake.

Waimbaji hutoka hasa makanisani na katika Tamasha la Muziki. Nairobi Chamber Chorus, iliyoanzishwa na Ken Wakia mwaka 2005, ni ushahidi wa jinsi vijana waliolelewa katika kwaya za shule wanavyoweza kufikia viwango vya kimataifa.

Upungufu mkubwa umo katika ala za nyuzi na zile za mbao. Fidla haifunzwi kwa mwaka mmoja. Mtoto akianza akiwa na umri wa miaka saba au minane, vidole vyake huzoea mapema. Akianza akiwa na miaka 20, atapiga, lakini atakuwa akifukuzana na wakati. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Korogocho yabadili hesabu

Hapo ndipo mradi wa Ghetto Classics ulipobadili hesabu. Ulianzishwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge, mpenzi wa muziki aliyekuwa amesomea ufamasia, katika parokia ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana mtaani Korogocho. Watoto wachache walianza kufunzwa nota na ala katika mtaa ambao wengi waliujua kwa habari za umaskini na uhalifu.

Waliobeza walikuwa na hoja yao. Mtoto asiye na uhakika wa chakula cha jioni ana haja gani ya fidla? Jibu limeonekana kwa muda. Mtoto anayehudhuria mazoezi hujifunza kufika kwa wakati, kusikiliza mwenzake na kurudia kosa hadi liishe. Anakuwa na mahali pa kwenda shule inapofungwa, na mtu mzima anayelijua jina lake.

Mradi huo umekua kupita mipaka ya Korogocho na kufika Mombasa. Kilicho muhimu zaidi, baadhi ya waliokuwa wanafunzi wamegeuka kuwa walimu wa wadogo zao. Mnyororo huo ndio unaohakikisha kuwa muziki haufi mfadhili anapoondoka.

Tamasha na hatari yake

Jazi imepitia njia nyingine. Kwa miaka mingi ilikuwa muziki wa hotelini, ukipigwa taratibu huku wateja wakila. Wanamuziki kama vile Joseph Hellon na Aaron Rimbui walisaidia kuutoa hapo na kuuweka mbele ya hadhira iliyokuja kusikiliza. Bendi kama Nairobi Horns Project na mwanamuziki Juma Tutu zikaupa ladha ya nyumbani, huyu wa mwisho akiimba jazi kwa Kiswahili.

Mwaka 2014, kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha tamasha la jazi lililowaleta Nairobi wanamuziki mashuhuri wa kimataifa na kuwapandisha wenyeji kwenye jukwaa hilo hilo. Mapato ya tiketi yalielekezwa kwa Ghetto Classics. Msukumo mkubwa ulitoka kwa aliyekuwa afisa mkuu mtendaji wa kampuni hiyo, Bob Collymore, ambaye alikuwa mpenzi wa jazi.

Hakuna anayeweza kukana manufaa ya mpango huo. Maelfu ya watu waliokuwa hawajawahi kusikia jazi ana kwa ana waliisikia. Watoto wa Korogocho walipata ala na walimu. Wanamuziki wa humu nchini walilipwa na kuheshimiwa.

Lakini Collymore alifariki Julai 1, 2019. Miezi minane baadaye, Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 uliingia nchini na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Kumbi zilifungwa, mikahawa ikanyamaza, na wanamuziki wengi waliokuwa wakitegemea malipo ya usiku mmoja mmoja wakabaki bila riziki.

Mapigo hayo mawili yalifichua udhaifu uliokuwa umefunikwa na shangwe. Muziki unaotegemea mapenzi ya kiongozi mmoja wa kampuni, au msimu mmoja wa matamasha, umesimama kwa mguu mmoja. Waswahili wana msemo kuwa ngoma ivumayo haidumu. Waliodumu ni wale waliokuwa na wanafunzi wa kufundisha hata kwa simu, na kanisa au shule ya kurudi marufuku ilipoondolewa.

Gharama isiyoonekana

Mtu anayenunua tiketi huona mpigaji akiwa jukwaani kwa saa mbili. Haoni gharama iliyomfikisha hapo.

Ala nyingi huagizwa kutoka ng'ambo, na mzazi hulipia bei yake pamoja na usafirishaji na ushuru. Baada ya hapo gharama haikomi. Nyuzi za fidla huchakaa na kukatika. Manyoya ya uta, ambayo ni singa za mkia wa farasi, yanahitaji kubadilishwa. Kipande cha tete kinachotumika kwenye saksafoni hulegea baada ya kutumika kwa muda, na saksafoni isiyo na tete nzuri haina faida kuliko bomba. Fundi wa kurekebisha ala hizi naye ni adimu.

Anayetaka cheti hufanya mitihani ya ABRSM ya Uingereza yenye ngazi nane, ambayo kila moja ina ada yake. Kwa familia ya kipato cha chini, ngazi hizo huwa mlima.

Shule ndizo zingeweza kuupunguza mlima huo, lakini zilirudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki uliacha kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane. Somo lisilotahiniwa halikosi jina kwenye ratiba. Hukosa mwalimu darasani. Shule nyingi zilibakiza kwaya ya mashindano na kuyasahau mengine.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umerejesha matumaini kwa kuiweka Sanaa na Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Matumaini hayo yatategemea jambo moja. Njia ya sanaa isiyo na piano, fidla wala mwalimu anayesoma nota itakuwa njia ya kwenye karatasi tu.

Namna ya kusikiliza

Kwa msomaji ambaye angependa kujaribu, fursa zipo, na si zote zinahitaji fedha nyingi. Taasisi za kitamaduni za Ufaransa na Ujerumani jijini, Alliance Française na Goethe-Institut, kwa muda mrefu zimekuwa zikifungulia wanamuziki milango. Juni 21 ni sikukuu ya muziki iliyoanzia Ufaransa mwaka 1982, na Aprili 30 ni Siku ya Kimataifa ya Jazi iliyotangazwa na Unesco mwaka 2011.

Wengi huogopa kwenda kwa kuhofia kuaibika. Kanuni zenyewe ni chache. Katika muziki wa klasiki, kazi ndefu hugawanywa katika sehemu kadhaa zenye kituo kifupi kati yake. Hadhira kwa desturi hunyamaza kwenye vituo hivyo na kupiga makofi kazi nzima inapokwisha. Asiye na hakika hana la kufanya ila kusubiri kiongozi wa okestra ashushe mikono na kuwageukia watu.

Katika jazi mambo ni kinyume. Mpigaji akimaliza zamu yake ya kubuni, hupigiwa makofi hapo hapo, hata kama wimbo unaendelea. Kunyamaza kabisa kunaweza kumfanya adhani kuwa hakueleweka.

Nani alipe?

Wapo wanaosema kuwa fedha za umma hazifai kutumiwa kwa muziki wa wachache wakati hospitali hazina dawa. Hoja hiyo ina uzito, na haijibiwi kwa kusifu uzuri wa muziki. Inajibiwa kwa kuangalia gharama ya kutofanya lolote. Ala chache zilizowekwa katika shule moja ya umma huweza kutumiwa na wanafunzi wengi, mwaka baada ya mwaka, na mwalimu mmoja aliyehitimu huacha nyuma walimu wengine.

Kwa upande wao, kampuni zinazofadhili matamasha zingeweza kutenga sehemu ya bajeti kwa mishahara ya walimu wa miaka mitano badala ya taa za usiku mmoja. Haitaleta picha za kuvutia magazetini, lakini ndiyo itakayoamua iwapo miaka kumi ijayo kutakuwa na Mkenya wa kupanda jukwaani taa hizo zikiwashwa.

Mcheza kwao hutunzwa, wasema Waswahili. Mtoto wa Korogocho anayekaza nyuzi za fidla yake jioni ya leo yuko kwao. Bado haijajulikana ni nani atakayemtunza.